Nimeandika Mlalo, nikaletewa udongo

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi natokea Mlalo, Lushoto, nataka kuandika historia ya kwetu kabla wazee hawajaisha. Nimeenda maktaba nikaandika Mlalo kwenye kompyuta, vikaja vitabu vitatu tu vya mmomonyoko wa udongo, nikaondoka zangu. Nianzie wapi?
Mjukuu, Tanga

JIBU: Marahaba mjukuu. Anzia kwenye hivyo hivyo vitatu, rudi ukavichukue! Mwingereza alianza mradi wake wa kuzuia mmomonyoko hapo hapo bonde la Mlalo miaka ya 1940, watu wakalazimishwa kupiga matuta kwenye mashamba yao, wakachoka, wakagoma, na miaka ya 1950 ugomvi ukaingia mpaka kwenye siasa za uhuru. Sasa bwana shamba akiandika ripoti haweki neno historia juu, anaweka udongo, ila we soma ndani nani alikataa matuta na kwa nini.

Halafu majina, hapa ndo wengi tunakwama. Karatasi za Mjerumani ukitafuta Lushoto hupati kitu, mji ulikuwa unaitwa Wilhelmstal, na misheni ya Mlalo waliiita Hohenfriedeberg (nakili herufi kwa herufi, usijaribu kutamka). Vuga nayo, mji wa Wakilindi waliotawala Usambara, yule mmisionari Krapf alipofika 1848 kwa mfalme wao Kimweri aliiandika Fuga, Wajerumani wakaja na Wuga yao. Kompyuta haijui kwamba ni kilima kile kile. Kwa hiyo kwanza kaa na bibi, muulize vijiji na vilima viliitwaje zamani, andika kila jina na tahajia zake zote kwenye daftari, ndo uende nalo maktaba.

Ukipata nauli ya Dar, Maktaba ya Chuo Kikuu pale Mlimani ina sehemu ya Afrika Mashariki, ulizia makaratasi ya Hans Cory, yule mtafiti wa mila wa serikali ya mkoloni, na majarida ya Tanganyika Notes and Records, yameanza 1936. Ila mi ningekimbilia Mambo Leo, lile gazeti la Kiswahili la serikali ya mkoloni lililoanza 1923, maana watu wa wilayani walikuwa wanatuma habari za kwao wenyewe, na mashairi, mi nilifuata habari moja tu nikajikuta nasoma mashairi mpaka wanazima taa.

Beba penseli, kwenye makaratasi ya zamani peni huwa hawataki. Ukikuta jina la babu yako mle tuandikie.