Muulize Anti: Sambusa zinanimalizia mshahara

SWALI: Shikamoo Anti. Mi nafanya kazi ofisini huku Posta, Dar, sasa kila saa nne mama anapita na beseni lake nachukua sambusa mbili na andazi, saa kumi tena karanga na kashata, yaani ikifika Alhamisi hata nauli ya daladala sina. Nifanyeje na kazi bila kutafuna haiendi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mchawi wako ni hilo andazi, andazi la kununua hewa tupu, nusu saa njaa imerudi. Hamia kwenye kitumbua, ule mchele umelowekwa ukasagwa ukachanganywa na tui na hiliki, viwili na chai ya rangi unafika mchana umetulia. Au muhogo wa kukaanga na pilipili, bei chee na unajaza. Kashata iachie Ijumaa. Karanga kaanga kwako ubebe kwenye kopo, ila ficha, wenzako ofisini wana mikono mirefu kuliko mishahara yao. Na mama wa beseni usimkope jamani! Mi nilishakwepa mtu wiki nzima kwa deni la bagia, natokea mlango wa nyuma kama mwizi, kumbe ndo anapopumzikia hukohuko.