Samaki wapya wanakufa kila mara: usilioshe tena hilo tangi

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nipo Ilazo, Dodoma. Nina tangi la samaki la lita 100 sebuleni, lenye pampu ya hewa na kichujio kidogo cha sponji. Samaki natumiwa kwa basi kutoka Dar es Salaam. Mara ya kwanza nilinunua samaki wa dhahabu sita na neoni tetra kumi. Wawili walifika wamekufa, waliobaki walichangamka na kula vizuri. Siku ya nne maji yakawa meupe kama yametiwa maziwa, samaki wakawa wanapanda juu kuhema, na wiki ya pili haikumkuta hata mmoja. Nikamwaga maji yote, nikaosha tangi, sponji na kokoto kwa sabuni na dawa ya klorini, nikaanika juani, nikaanza upya. Nimefanya hivyo mara tatu na mambo ni yale yale. Muuzaji anasema maji ya Dodoma ni ya chumvi, nitumie ya chupa. Mimi natumia ya bomba, yakishakaa kwenye simtanki. Chakula ni kile cha dukani, na watoto huwapa mkate. Tatizo ni nini?

JIBU: Dada yangu, pole kwa hasara. Muuzaji wako amegusa jambo la kweli ila ametoa dawa isiyohusika. Kabla ya kuzungumzia maji, acha kuliosha hilo tangi. Kila unapolisugua likang'aa unalirudisha mwanzo kabisa, na mwanzo ndio wakati tangi linaua.

Ninalisema hilo kwa sababu ya siku ulizotaja. Samaki wapya wakifa ndani ya saa chache, nafikiria klorini, sumu, au mshtuko wa joto na safari. Wakianza kuugua wiki ya pili au ya tatu, nafikiria vimelea walivyokuja navyo. Wako wanafika, wanakula, siku ya nne wanaanza kuhema juu ya maji, ndani ya wiki wamekwisha. Huo ni mwendo wa amonia, sumu itokanayo na taka za samaki wenyewe, na dalili nyingine zote ulizoandika zinaukubali.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake saa zote, na chakula kilichobaki kikioza huongeza nyingine. Mtoni au ziwani maji ni mengi, inatawanyika. Katika lita 100 haina pa kwenda isipokuwa kuna bakteria wa kuila. Kundi la kwanza la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia kwa kiasi. Bakteria hawa hawaelei tu majini. Wanajishika kwenye sponji, kwenye kokoto na kwenye kioo, na huchukua kama wiki nne hadi sita kuongezeka kufikia idadi ya kutosha. Wewe unaleta samaki siku ya kwanza, unawapoteza ndani ya wiki, kisha unawaua bakteria kwa klorini na jua kabla hawajafika hata robo ya safari. Wanaogandisha maziwa kwenye kibuyu wananielewa: kibuyu hakioshwi kwa sabuni, maana kinachogandisha maziwa kimo humo humo kwenye kuta zake.

Ule weupe wa siku ya nne ni bakteria wa aina nyingine, wale wanaokula mabaki. Mkate wa watoto ndio sherehe yao. Wanazaliana haraka na wanatumia oksijeni ile ile anayoitafuta samaki. Hapa Dodoma oksijeni haina ziada: tuko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji ya hapa hushika oksijeni pungufu kwa kama asilimia 12 kuliko maji ya Dar es Salaam yenye joto lile lile. Tangi ambalo Kariakoo lingeponea chupuchupu, Ilazo haliponi.

Sasa hayo maji. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya mji wetu hutoka visima virefu vya bonde la Makutupora. Ni maji magumu, yenye madini mengi, na ule ukoko mweupe unaoukwangua kwenye birika ndio ushahidi. Ugumu wenyewe haujaua samaki wako wa dhahabu, hao wanauvumilia vizuri. Shida ni kwamba maji magumu ya namna hii, yakishapumuliwa na pampu, kwa kawaida pH yake hupanda hadi karibu na 8 au zaidi (pH ni kipimo cha asidi: 7 ni katikati, chini ya hapo maji yana asidi, juu yake ni kinyume cha asidi). Na amonia ina sura mbili majini, moja hatari sana na nyingine isiyo na madhara makubwa. pH ndiyo huamua ipi itakuwa nyingi. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, kwenye pH 7 sehemu ya hatari haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 inafika kama asilimia 5. Kwenye pH 8.5 inakaribia 15. Kwa hiyo mtu wa mji wenye maji laini anaweza kuanzisha tangi ovyo ovyo na nusu ya samaki wakapona, akakushauri ufanye kama yeye. Wewe ukifanya vile vile unazika wote.

Hapo hapo ndipo penye siri ya mfuko wa basi. Samaki akiwa amefungiwa saa nane au tisa barabarani, amonia inajaa mfukoni, lakini pumzi yake pia inajaza kabonidayoksaidi, na hiyo hushusha pH. Kwa hiyo amonia inakaa katika ile sura isiyo kali. Unapofungua mfuko, kabonidayoksaidi inatoroka, pH inapanda, na sumu inaamka. Wengi wamefundishwa kufungua mfuko na kudondoshea maji ya tangi kidogo kidogo kwa saa nzima au mbili. Kwa samaki wa jirani ni sawa. Kwa samaki aliyetoka Dar es Salaam, na kwa maji yetu haya, ni kumchemshia sumu taratibu. Acha mfuko uelee juu ya maji ya tangi ukiwa umefungwa kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, fungua, mtoe samaki kwa kijinyavu, mwingize tangini, na maji ya mfuko yamwage nje. Mwambie pia muuzaji asiwalishe siku moja kabla ya safari na afunge wachache kwa kila mfuko. Ukiweza, waje kwa treni ya SGR, ambayo inapunguza safari hiyo karibu nusu, wakiwa ndani ya deli la barafu lisilo na barafu, ili joto lisipande na kushuka.

Maji ya chupa achana nayo. Ni ghali, na amonia haijali kama maji yametoka dukani. Kuchemsha nako ni kuchoma mkaa bure. Maji yako ya simtanki yakishakaa siku mbili tatu klorini yake huwa imepungua sana, ila siku mnayopokea maji mapya usichote moja kwa moja. Yaweke kwenye ndoo wazi saa 24, bora zaidi na kijiwe cha pampu kikitoa hewa ndani yake. Ukitaka kuyalainisha kidogo, changanya na maji ya mvua wakati wa masika. Acha mvua ya kwanza ioshe bati kwanza.

Kwa hiyo uanze hivi. Jaza tangi, washa pampu na kichujio, usiweke samaki. Kila siku tupia chakula kidogo cha samaki, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili, kioze na kutoa amonia ya kulishia bakteria. Kama unamfahamu mtu mwenye tangi la zamani ambalo samaki wake ni wazima, muombe kipande cha sponji yake au kokoto chache. Zibebe zikiwa zimelowa maji ya tangi lake, zisikauke wala zisiguse maji ya bomba. Hilo peke yake linaweza kukuokolea wiki kadhaa. Nunua kipimo cha matone cha amonia na nitriti. Ni ghali kuliko samaki wawili, najua, lakini umeshazika wangapi? Amonia itapanda kisha ishuke, nitriti itapanda kisha ishuke. Vyote viwili vikisoma sifuri siku kadhaa mfululizo huku ukiendelea kutia chakula, tangi limeiva. Hapo punguza nitrati kwa kubadilisha nusu ya maji, ulete samaki watatu au wanne tu, usubiri wiki mbili ndipo uongeze.

Tangu hapo usafi ni huu: kila wiki ondoa robo ya maji, rudisha yaliyotulia. Sponji ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, kamwe si chini ya bomba. Sabuni isikaribie. Chakula mara moja kwa siku, kile watakachomaliza ndani ya dakika mbili. Mkate, hapana.

Umeme ukikatika, bakteria wa kwenye sponji nao wanahitaji oksijeni. Kama katizo ni refu, pampu ndogo ya betri inafaa, la sivyo chota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu kila baada ya muda. Na hujaniambia kama mnapuliza dawa ya mbu sebuleni. Dawa nyingi za kupuliza zina pairethroidi, na kwa samaki kiasi kidogo sana kinatosha kuua. Pampu ya hewa inaivuta na kuipeleka moja kwa moja majini. Siku ya kupuliza zima pampu na funika tangi, au acha kupuliza chumba hicho.

Kuhusu aina za samaki, hao wawili uliowachanganya hawaelewani. Samaki wa dhahabu anapenda ubaridi wa nyuzi 18 hadi 22, anachafua sana, na sita ni wengi mno kwa lita 100. Neoni tetra asili yake ni maji laini, yenye asidi kidogo, ya Amazoni, na ndiye samaki ninayemkataza mtu wa Dodoma kwanza. Kwa maji yetu chukua gapi, moli au plati, wanaoyapenda magumu hivyo hivyo yalivyo. Hao wanataka nyuzi 24 hadi 27, kwa hiyo usiku wa Juni na Julai, ambapo nje hushuka hadi nyuzi 13 au 14, utahitaji hita ya kama wati 100. Siku ukipata tangi la lita 200 au zaidi, tafuta mbuna, wale samaki wadogo wa rangi wa kwenye miamba ya Ziwa Nyasa. Maji yao ya nyumbani yana pH kati ya 7.7 na 8.6. Watu wa Ulaya hununua madini ya kutia kwenye maji ili wawafuge. Sisi tunayapata bombani.

Ikiwa amonia na nitriti zinasoma sifuri na bado samaki mpya anaugua, angalia kama ana vidoadoa vyeupe mfano wa chembe za chumvi kwenye mapezi, au anajikwangua kwenye kokoto. Hao ni vimelea. Mtenge kwenye ndoo kubwa yenye hewa, kisha niandikie tena ukinitajia vipimo, joto la maji na siku aliyofika.