Treni chini ya mti wa Krismasi: pima sakafu kwanza

Kila ikikaribia Desemba, Waswahili wenzangu hapa Pennsylvania huniuliza wanunue seti gani ya treni ya kuzunguka chini ya mti. Jibu langu huwaudhi kidogo: chukua futikamba upime sakafu. Mambo ya rangi na mlio wa honi tutaongea baadaye.

Usivutiwe na bei ya HO, saizi ndogo ya treni za kuchezea. Reli zake zina upana wa milimita 16.5 tu, na zinafaa mezani. Sakafuni, kwenye nyumba yenye watoto na paka, mabehewa yataanguka kutwa nzima. Chukua O, saizi kubwa zaidi, yenye reli za upana wa milimita 32. Duara lake dogo la kawaida lina kipenyo cha sentimita 91 hivi, lakini behewa refu hutokeza nje likikata kona, kwa hiyo acha nafasi zaidi ukutani. Pima pia kimo cha matawi ya chini.

Simamisha mti, tandika reli, endesha treni, ndipo upambe. Zulia ni adui: nyuzi zake hujisokota kwenye ekseli mpaka magurudumu yanagoma. Weka ubao wa plaiwudi chini. Treni ikianza kusuasua, futa reli kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, umeme ukiwa umezimwa. Zile nyuzi za kumetameta ziweke mbali kabisa. Moja ikilala juu ya reli inaweza kuleta shoti. Na unapomwagilia mti wa asili, chomoa kwanza.

Nyumba ndogondogo na zizi la Yesu ongeza kadiri upendavyo. Wamoravia, Wakristo wa Kanisa la Moravian, wa Bethlehem, mji wa huku huku Pennsylvania, walikuwa wakipanga mandhari ya Noeli kabla treni za umeme hazijakuwepo. Ni wa kanisa hilohilo wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891, kwa hiyo ndugu zangu wa Mbeya msijione wageni. Treni yenyewe ililetwa na biashara. Mwaka 1901 Joshua Lionel Cowen, mwanzilishi wa kampuni ya treni za kuchezea ya Lionel, aliuza kigari cha umeme cha kuvutia macho kwenye dirisha la duka New York. Wateja wakakitaka kigari chenyewe.

Sasa kwa wanaotuma zawadi nyumbani. Geuza adapta usome maandishi madogo. Ikiwa imeandikwa 100–240V, Dar au Nairobi itahitaji plagi ya kubadilishia tu. Ikiwa ni 120V peke yake, usiichomeke ukutani: umeme wa kwetu ni kama 230V au 240V, utaiunguza. Transfoma ya kushusha umeme ipo, lakini ni nzito na mizigo hutozwa kwa kilo. Kwa mtoto wa miaka minne mimi ningetuma ya betri, hasa kwa vile umeme ukikatika mkesha wa Krismasi yeye ataendelea kucheza.