Maswali na Majibu: Umeme wa Kabonidayoksaidi

Tangu nitaje mitambo ya umeme inayozungushwa na kabonidayoksaidi badala ya mvuke, maswali hayajakoma. Mzunguko wenyewe ni huu: kompresa huishindilia gesi, gesi hupashwa joto, huzungusha tabaini (gurudumu la mapanga linaloendesha jenereta), hupozwa, kisha huanza upya. Haya hapa machache.

Mwalimu, nimepiga hesabu za mzunguko huo kwa kanuni ya gesi bora, nikapata ufanisi wa chini kuliko wa vitabuni. Tatizo ni nini? (Mwanafunzi wa uhandisi, Juja)

Hesabu zako ni safi. Kanuni hiyo, inayochukulia kwamba chembe za gesi hazivutani, ndiyo haifai hapo. Kabonidayoksaidi ikifika nyuzi 31 za Selsiasi na shinikizo la baa 74 hivi, mpaka kati ya kimiminika na gesi hutoweka. Vuka kidogo tu, tuseme nyuzi 32 na baa 80, na mita moja ya ujazo itabeba yapata kilo 600. Kanuni uliyotumia inatoa kilo 139! Kompresa hulipa kwa ujazo inaosukuma, si kwa kilo. Basi umeitwika yako karibu mara nne ya mzigo wake. Katika tabaini za kawaida za gesi, kompresa humeza nusu hivi ya kazi ya tabaini. Hapa huweza kushuka hadi thuluthi au chini ya hapo. Uhondo wote wa mzunguko huu uko hapo. Tumia majedwali ya sifa halisi za gesi, urudie.

Mbona michoro mingine ina kompresa mbili? (Huyo huyo)

Nilijua utauliza. Gesi inayotoka kwenye tabaini bado ni moto sana, kwa hiyo hupitishwa kwenye kibadilisha joto ipashe ile inayokwenda kuchemshwa. Shida ni kwamba ile baridi, yenye shinikizo kubwa, hutaka joto jingi kwa kila nyuzi kuliko ile moto inavyoweza kutoa. Hazilingani. Dawa ni kugawa mkondo: sehemu yake, mara nyingi kama thuluthi, haipitii kwenye kipoza, bali hushindiliwa ingali na joto na kompresa ya pili, kisha hujiunga na wenzake mbele. Umeme unaoliwa na kompresa unaongezeka, ila joto linalotupwa nje linapungua kwa kiasi kikubwa zaidi. Angelino wa Italia na Feher wa Marekani walichapisha hoja za mizunguko hii mwaka 1968. Ikasinzia miaka mingi hadi Dostal wa MIT, chuo cha Marekani, alipoiamsha mwaka 2004.

Ni gesi ile ile ya mtungi wa kuzimia moto? (Mlinzi, Eneo la Viwanda)

Ile ile, ndugu yangu, na ile ya soda pia. Mtungi wako kwenye nyuzi 20 una baa 57 hivi. Usiuache juani.

Kwa nini wasiipeleke Olkaria, kwenye umeme wa mvuke wa ardhini? (Msomaji, Kasarani)

Kwa sababu hesabu za kupendeza ni za joto kali. Chanzo kikiwa na nyuzi 700 na upande wa baridi nyuzi 31, kikomo cha Carnot, yaani sehemu kubwa kabisa ya joto inayoweza kugeuzwa kazi, ni asilimia 69, na wahandisi wanalenga kupata kama 50 kati ya hizo. Chanzo cha nyuzi 250 kikomo chake ni 42 tu, kabla hata hasara halisi hazijahesabiwa. Mvuke wa Olkaria tayari uko, unatoka ardhini wenyewe, na maji moto ya huko yana teknolojia zake zilizozoeleka. Mimi ningeiangalia kwanza kwa joto la jua lililokusanywa kwa vioo, au joto linalopotea viwandani. Mtambo wa majaribio wa San Antonio, Texas, ulioundwa kwa megawati 10, ndio wa kufuatilia.

Nairobi si ingefaa kuliko Lodwar kwenye joto kali, kwa baridi yetu? (Mama wa Umoja)

Ingefaa, mama, na sababu yako ni nzuri kuliko za wengi. Kwa baa zile zile 80, gesi ikiingia kwenye kompresa na nyuzi 40 badala ya 32, uzito wake kwa mita ya ujazo huanguka chini ya kilo 300, na kompresa huanza tena kula umeme. Kipoza cha hewa cha Nairobi kingeshika nyuzi 32 siku nyingi. Cha Lodwar mchana kingeshindwa, ingawa jua zuri la vioo liko huko huko.