Muulize Mzee wa Usukani: Gari ni langu, mafuta ya nani?

Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu, naishi Moshi. Desemba hii mimi na rafiki yangu niliyesoma naye chuo tunataka kwenda Pangani siku nne, kwa kigari changu cha IST. Miaka yote hatujawahi kugombana. Juzi nikamwambia tuchange mafuta nusu kwa nusu. Akanijibu: "Kwani gari lisingekwenda bila mimi? Mimi nitalipa chakula." Nilinyamaza, lakini limenikaa rohoni. Je, nina uchoyo? Halafu anataka tuondoke usiku ili tuamkie baharini. Yeye leseni hana.
Mwenye Gari, Moshi

Marahaba mwanangu. Uchoyo huna. Gari lingekwenda bila yeye, kweli, lakini wewe peke yako ungekwenda Pangani kutafuta nini?

Kutoka Moshi, kwa njia ya Segera na Muheza, ni kama kilomita 360. Kwenda, kurudi na mizunguko ya huko, weka 800. IST iliyofanyiwa sevisi ihesabie kilomita 12 kwa lita, utapata lita 67 hivi. Mtajie lita, usimtajie shilingi. EWURA, wanaopanga bei ya mafuta, hutoa bei mpya Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na mkipatana kwa bei ya Novemba, Desemba mtabishana upya mbele ya watu wa sheli. Lita hizo mgawane sawa. Matairi, oili na pancha ni juu yako, kwa sababu gari litabaki lako mkisharudi. Faini ya tochi ya trafiki, ile ya kupima mwendo, nayo ni ya aliyeshika usukani, hata kama aliye pembeni ndiye aliyekuwa anahimiza. Kuanzia Same mpaka Korogwe vibao vya 50 vimefuatana kama vifungo vya shati, na mwenye tochi hukaa kivulini.

Hilo la chakula lifikirie mara mbili. Anayelipa chakula ndiye anayechagua chakula. Utajikuta Mombo unatafuna andazi la jana huku moshi wa nyama choma unakupita puani.

Usiku, hapana. Dereva ni mmoja, wa kumpokea hayupo. Nimeendesha basi njia hiyo miaka kumi na tisa, na kilichonitisha kuliko vyote ni lori lililokufa katikati ya lami bila taa, limewekewa matawi ya mti nyuma badala ya pembetatu. Tawi lenyewe unaliona ukiwa umeshalifikia. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri, Same iwapambazukie, milima ya Upare ikiwa kushoto kwenu. Mkifika Korogwe mtakuta mto Pangani: maji hayo yanatoka huko kwenu, Kilimanjaro na Meru, na yanakwenda mnakokwenda. Muheza ulizeni kwanza hali ya njia ya kukatia Pangani. Kama imenyesha, pitieni Tanga mjini. Ni mzunguko, lakini IST ile iko chini mno kwa matope.

Hukuniuliza kuhusu maji ya bahari, nami nakwambia bure: kabla ya kuomba ruhusa kazini, tazama mwezi. Ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Yakipwa mtatembea mpaka mchoke kabla hayajafika kiunoni, lakini ndipo fungu la Maziwe, ule mchanga ulio katikati ya bahari, linapotoka vizuri, na mashua zinawapeleka. Mkitaka kuoga tu bila kuhesabu saa, nendeni siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana.

Na gari lisiguse mchanga wa pwani. Mimi nilikwenda huko na rafiki yangu, fundi cherehani, maji yamekupwa, ufuo umelala mgumu kama sakafu. Akasema teremka tupige picha, bahari ionekane nyuma ya gari. Nikateremka. Kurudi, magurudumu ya mbele yakachimba, na kila nilipokanyaga mafuta yakazidi kuzama. Nikapunguza upepo wa matairi, nikakusanya makuti makavu nikayasukumiza chini, nikafukua kwa sahani ya plastiki tuliyokuja nayo na ubwabwa. Maji yakaanza kurudi, kimya kimya, kwanza yanalamba, halafu yanakaa. Mwenzangu amesimama pembeni, viatu mkononi. Nikamwambia njoo usukume. Akayatazama maji yalivyofika kwenye bampa, akanitazama mimi, akasema: "Gari ni lako, wewe ndiye unalijua."

Walionitoa ni wavuvi sita. Bado ni rafiki yangu, lakini siku hizi lita zake ananipa kabla sijawasha injini.