Weka mkasi chini kwanza

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alinifuata pale Nyerere Square, Dodoma, na mfuko wa kaki, uso umejaa furaha. Ndani mlikuwa na stempu zaidi ya mia, zote za Kenya, Uganda na Tanganyika, zimekatwa kwa mkasi kufuata meno, safi kama kucha za bibi harusi. Nikamuuliza bahasha ziko wapi.

"Nyingine nimechoma, mzee. Zilikuwa zimechakaa."

Nikatafuta benchi nikakaa. Nilitaka kumgombeza nikashindwa, kwa sababu mimi nimewahi kufanya baya kuliko lake. Wadogo zangu, naandika haya kwa mara ya mwisho.

1. Bahasha kwanza, stempu baadaye. Mwaka 1998, ndio kwanza nimenogewa na kukusanya stempu, mzee mmoja wa Kongwa alinipa kopo la biskuti. Ujanani alikuwa karani kwenye mradi wa karanga, ule Waingereza waliouanza 1947 na kuutelekeza 1951, karanga zenyewe zikiwa hazionekani. Kopo lilikuwa na bahasha thelathini na kitu alizomwandikia mchumba wake Tabora. Mchumba akawa mke, akazitunza miaka yote hadi alipofariki. Mbili zilikuwa za rejista, zina msalaba wa penseli ya buluu na lebo ya R. Mbele muhuri wa Kongwa, nyuma muhuri wa kupokelewa Tabora. Leo ningeziona hizo ningevua kofia.

Siku ile niliona stempu za simba za senti 10 tu. Nilijaza beseni maji ya uvuguvugu, nikatumbukiza bahasha zote kwa mpigo ili stempu zibanduke, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi maji yalikuwa zambarau. Si zambarau ya kufikirika, zambarau ya kanzu ya askofu. Yule karani aliandika anwani kwa penseli ya kunakilia, ile ambayo kavu ni kijivu na ikiguswa na maji inalipuka rangi. Stempu zote zikanywa ile rangi. Nikazisuuza, nikazianika juu ya gazeti, nikawa napuliza kama mtu anayewasha mkaa. Bahasha zilikuwa uji.

Miezi miwili baadaye mzee akaja mjini kutibiwa macho, akapitia kwangu. Hakutaka hela. Alitaka kuona migongo ya bahasha, kwa sababu mkewe alikuwa akiandika nyuma ya kila moja siku aliyojibu. Mimi migongo hiyo sikuwa hata nimeisoma. Nikamwonyesha stempu za zambarau kwenye albamu, mikono inatetemeka. Akazisogeza karibu na jicho lake zima, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Lakini zimebanduka vizuri, mwanangu." Chai yake alimaliza. Mimi yangu ilibaki.

Kwa hiyo geuza bahasha, soma pande zote, piga picha. Ukishindwa kabisa kujizuia, kata na nafasi kubwa kuzunguka muhuri wote.

2. Shika stempu kwa kibano. Si vidole, hasa vidole vilivyotoka kula chipsi.

3. Ile meli ya Kaiser, mfalme wa Ujerumani, haitakujengea nyumba. Kila mwezi naletewa stempu ya Kijerumani yenye meli, mpya, haijagongwa muhuri, na mwenye nayo ameshapanga bei ya kiwanja Area D. Thamani ndogondogo za meli ni za kawaida tu. Kwetu huku hoja ni muhuri wa posta za enzi za Mjerumani: Kilimatinde, Kondoa-Irangi, Mpapua. Ndiyo, Mpapua. Mjerumani hakuandika Mpwapwa, kwa hiyo ukiuziwa "muhuri wa Mjerumani" ulioandikwa Mpwapwa kwa tahajia ya leo, msalimie muuzaji kwa heshima uondoke. Na muhuri wa kughushi upo mwingi, usome kwa lenzi.

4. Stempu moja kuandikwa "Kenya Uganda Tanzania" na nyingine "Tanzania Uganda Kenya" si kosa la kiwanda. Majina yalikuwa yakibadilishana nafasi toleo hadi toleo, asionekane mmoja kuwa mkubwa, mpaka ushirika wa posta ulipovunjika 1977. Kijana mmoja alidai milioni mbili kwa "kosa" hilo. Nilimnunulia soda.

5. Usifanye laminesheni. Nimeandika kwa upole, lakini nilikuwa napiga kelele. Seloteipu vilevile. Na albamu isimame kabatini, mbali na ukuta wenye mchwa; masika weka karatasi kavu katikati ya kurasa, gundi ya zamani ikipata unyevu inashika ukurasa kama kupe.

Yule kijana wa Jumamosi alikumbuka baadaye kwamba kwa bibi yake Mvumi kumebaki sanduku lingine, halijaguswa. Mkasi wake nimeuchukua, uko kwenye droo yangu. Atarudishiwa akilileta sanduku likiwa zima.