Moyo ukisimama ghafla: maswali yenu kuhusu CPR na mashine ya kushtua moyo

Barua za safari hii zinaulizia karibu jambo moja: je, nikikosea nitamdhuru? Mtu ambaye moyo wake umesimama tayari yuko katika hali mbaya kuliko zote. Kinachommaliza ni watu kumzunguka wakibishana la kufanya. CPR ni kumbonyeza kifua, na pengine kumpulizia pumzi, ili damu iendelee kuzunguka.

Mwalimu, nitajuaje kwamba moyo umesimama, si kuzimia tu?

Usihangaike kutafuta mapigo shingoni; hata wauguzi hukosea. Mtikise mabega, mwite kwa sauti, kisha tazama kifua kwa muda usiozidi sekunde 10. Haitiki na hapumui kama kawaida? Chukulia kwamba moyo umesimama. Aliyezimia huendelea kupumua, na kwa kawaida huzinduka mara akilazwa chini.

Kuna mtego hapa. Dakika za mwanzo mgonjwa anaweza kukoroma au kutwetatweta kwa kuachiaachia, mdomo wazi kama samaki aliyetolewa majini. Huko si kupumua. Wengine hutetemeka kidogo, watu wakadhani ni kifafa. Ni hapo wengi husema "mwacheni apate hewa", na dakika zinakwenda. Ubongo huanza kuharibika baada ya dakika kama 4 bila damu.

Mshtuko wa moyo si ndiyo huo huo moyo kusimama?

Hapana. Kwenye mshtuko wa moyo, mshipa unaolisha misuli ya moyo umeziba. Mgonjwa yu macho, kifua kinambana, jasho linamtoka. Huyu hakandamizwi kifua. Apelekwe hospitali upesi. Lakini usimwache peke yake, maana hali hiyo inaweza kuufanya moyo usimame wakati wowote.

Je, nikimvunja mbavu?

Huenda ukamvunja, hasa akiwa mzee. Utasikia mlio, utashtuka, na utaendelea. Mbavu huunga. Kabla ya mwaka 1960, njia ya kawaida ya daktari ilikuwa kupasua kifua na kuukamua moyo kwa mkono. Mwaka huo watafiti Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walieleza kwamba kubonyeza kifua kwa nje kunatosha kusukuma damu. Ukilinganisha na kisu, ubavu mmoja ni bei nafuu.

Mlaze chali mahali pagumu. Kitandani godoro litameza nguvu zako zote. Piga magoti ubavuni pake. Weka sehemu ya chini ya kiganja katikati ya kifua, nusu ya chini ya mfupa wake, mkono wa pili juu ya wa kwanza. Nyoosha viwiko, mabega yawe juu ya mikono, kisha bonyeza kwa uzito wa mwili. Kina ni sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila ukibonyeza, kiache kifua kirudi juu kabisa, kwa sababu moyo hujaa damu kinapoinuka. Kosa ninaloliona zaidi kwa wanafunzi wangu ni huruma: wanabonyeza kijuujuu kama wanaopapasa.

Kabla ya kuanza, mtu mmoja, kwa kumnyooshea kidole, apige simu ya dharura, na mwingine akatafute mashine. Ukiambia umati "pigeni simu", kila mmoja atamtazama mwenzake. Ukiwa peke yako, weka simu kwenye spika huku ukibonyeza.

Ni lazima nimpulizie mdomoni? Kusema kweli naona kinyaa.

Kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla mbele yako, si lazima. Damu yake bado ina oksijeni. Inachokosa ni msukumo. Bonyeza tu bila kukatisha. Mtoto au aliyezama majini ni habari nyingine: huyo ameishiwa hewa kwanza, ndipo moyo ukasimama, kwa hiyo pumzi zina uzito mkubwa. Ukijua namna yake, bonyeza mara 30, mpulizie mara 2, rudia. Kwa mtoto kina ni theluthi moja ya kifua chake. Mtoto mchanga hubonyezwa kwa vidole gumba viwili, mikono ikimzunguka kifua.

Mashine ikimpiga umeme mtu asiyehitaji, si itamuua?

Haitampiga. Mashine hizi zinazowekwa viwanjani na vituoni husoma mwenendo wa moyo zenyewe, na hushtua pale tu zinapokuta umeme wa moyo umevurugika, misuli ikitetemeka bila kusukuma damu. Mshtuko huo wa umeme unazima vurugu hiyo ili moyo uanze upya kwa mpangilio wake. Mstari ukiwa umenyooka kabisa haishtui, ingawa waigizaji wa filamu hushtuana hivyo kila siku. Itakuambia tu uendelee kubonyeza.

Iwashe, kisha ufuate sauti yake. Kibandiko kimoja kinakaa chini ya mtulinga wa kulia, kingine ubavuni kushoto, chini ya kwapa. Inaposoma na inaposhtua, asimguse mtu. Ikishamaliza, rudi kifuani papo hapo, usisubiri kuona kama amezinduka.

Mwaka 1965, daktari wa moyo Frank Pantridge wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, alipotengeneza mashine ya kwanza ya kubebwa kwenye gari la wagonjwa, ilikuwa na uzito wa kilo 70 hivi. Ya leo inabebwa kwa mkono mmoja, na bado watu wanaiogopa ikiwa ukutani. Bila kubonyezwa wala kushtuliwa, kila dakika hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10.

Akiwa amelowa? Ana mimba? Ana betri ya moyo?

Aliyelowa mtoe majini, mfute kifua. Mjamzito anabonyezwa na kushtuliwa kama wengine. Uhai wa mtoto unategemea wa mama. Ukiona chini ya ngozi uvimbe wa betri, yaani kifaa kinachousaidia moyo kupiga, weka kibandiko kando yake, kama sentimita 8. Mtoto mdogo ana vibandiko vyake. Visipokuwepo tumia vya wakubwa, kimoja kifuani na kingine mgongoni, visigusane.

Mimi ni mwanamume. Nimfungue dada wa watu kifua mbele ya umati?

Ndiyo, kaka. Vibandiko vinahitaji ngozi kavu, hivyo nguo inafunguliwa au kukatwa. Wanawake wanaoanguka hadharani husaidiwa kwa nadra kuliko wanaume, na haya hii ni sababu mojawapo. Waambie waliosimama wageuke, washike shuka au khanga wakuzungushie. Hapo wana kazi ya maana kuliko kupiga picha.

Niache lini?

Akianza kupumua kawaida au kujisogeza, wahudumu wakikupokea, au nguvu zikikuishia kabisa. Pokezaneni kila dakika 2, kwa kuwa mikono huchoka kabla hujajua. Mwaka 2012 mchezaji wa soka Fabrice Muamba alianguka uwanjani London. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe, na alipona. Mgonjwa akirudi, mlaze ubavu na uzidi kumtazama. Vibandiko usivibandue wala mashine usiizime, maana moyo unaweza kusimama tena njiani.